Mwaka Mzee Fideli Aliposimama Tena

Mwezi uliopita tulimzika Skolastika, pale Kasokola alikorudi kuishi baada ya mumewe kustaafu kazi Tabora. Baada ya mazishi, tukiwa tumekaa kwenye mikeka tunakula wali na maharage, mwanawe mkubwa, mwanamume ambaye tayari ana mvi, akanisogelea na sahani yake mkononi. Akaniuliza mbele za watu, "Mama Mwalimu, eti ni wewe uliyekuwa unamkimbiza babu yetu mchakamchaka mpaka akalia?" Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wamelia muda mfupi uliopita. Mimi pia nilicheka. Lakini njiani kurudi mjini nilianza kuona kwamba hadithi ile inakua kila inaposimuliwa, na kwamba wakati wa kunizika mimi itakuwa imenigeuza sajini wa jeshi. Nyumba ya huyo babu yao ilikuwa na yeye mwenyewe, Mzee Fideli, mkewe Mama Leokadia, mimi mpangaji wao, na Skolastika binti yao aliyekuja na kuondoka. Nimebaki peke yangu. Kwa hiyo nasema mwenyewe: sikumkimbiza. Kulia, ni kweli alilia, mara moja, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi ya kijiji, pale pale Kasokola. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, vijiji vinajengwa upya, madarasa yanajaa kuliko madawati, na nyumba ya mwalimu ilikuwa bado ni msingi tu ulioota nyasi. Mwalimu Mkuu akanipeleka kwa Mzee Fideli kwa sababu kwake palikuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vifaa vya nyuki. Walitoa vyombo, wakaniwekea kitanda cha kamba, lakini harufu ya asali na nta haikutoka mwaka mzima. Nguo zangu zilinukia asali darasani, na watoto wa darasa la pili walikuwa wanapenda kunisogelea wakati wa kusahihishiwa. Ukuta kati ya chumba changu na cha wazee haukufika kwenye paa. Ulikoma juu kidogo ya kichwa changu, na kutoka pale hadi kwenye nyasi palikuwa wazi, hivyo nilisikia kila walichosema, na nadhani wao walisikia kila nilichonong'ona nikisali.

Mzee Fideli alikuwa na miaka kama sitini na minane, ingawa yeye mwenyewe alipunguza au kuongeza kutegemea anazungumza na nani. Ujana wake aliutumia kwa kazi ya mgodini, enzi za mkoloni, akisukuma vitoroli vya mawe. Mgodi ulipofungwa akahamia kwenye nyuki. Nilipofika alikuwa bado anapanda miti mirefu na kamba yake kiunoni kutundika mizinga, na Jumamosi alitembea hadi soko la mjini, Kashaulili, na debe la asali begani, akarudi jioni anapiga mluzi. Mimi nilipewa kazi ya kusimamia mchakamchaka. Alfajiri tulikimbia na watoto, tukiimba, kuzunguka mashamba hadi barabara kuu na kurudi, na tulipopita mbele ya nyumba yake alikuwa amesimama na mswaki mdomoni. "Mwalimu!" alikuwa ananiita. "Hao wa nyuma wanaimba tu, hawakimbii!" Watoto wa nyuma wakaanza kukimbia kweli.

Mwezi wa pili, mvua ikiwa kali, alinyeshewa siku mbili mfululizo porini. Akarudi anatetemeka. Siku ya tatu alikuwa anapumua kama mtu anayenyonya hewa kwa mrija. Tulipata lori lililokuwa linakwenda mjini, tukamlaza juu ya magunia, na hospitalini wakasema ni homa ya mapafu. Alichomwa sindano wiki mbili. Aliporudi amepona, kijiji kizima kilikuja kumpa pole, na kila aliyekuja alisema neno lile lile: pumzika. Alipumzika. Mama Leokadia alimlisha uji wa ulezi kwa kijiko ilhali mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote. Majirani walileta kuku, migebuka, samaki wakavu wa ziwani kutoka Karema, uyoga wa kwanza wa msimu. Alipojaribu kukaa, tulimlaza. Mimi mwenyewe nilimkaripia siku moja nilipomkuta ameshusha miguu chini. "Baba, lala bwana, unatafuta nini?" Akarudisha miguu juu. Hivyo ndivyo tulivyomfanya, kwa upendo, wiki ya tatu, ya nne, ya tano.

Wiki ya sita aliamua kwenda chooni peke yake tukiwa hatupo. Niliporudi kutoka shule nilimkuta yuko chini kati ya kitanda na mlango, amejilaza upande kama mtu aliyeamua kulala pale. Hakuwa ameumia. Nilipomwinua nilimshika paja, na vidole vya mikono yangu miwili vilikutana upande wa pili. Lile lilikuwa paja la mtu aliyekuwa anapanda miti Januari. Aliona nilivyoshtuka. "Usiangalie, Mwalimu," aliniambia, akajifunika shuka. Kutoka siku hiyo akaacha kuzungumza. Tulipopita na watoto alfajiri, mlango wake ulikuwa umefungwa.

Skolastika alikuja na treni baada ya kupelekewa habari. Alikuwa mshonaji Tabora, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutoa amri na mikono isiyotulia. Alileta blanketi, sukari, sabuni za kufulia, na ndani ya siku mbili alikuwa ameosha kila kilichokuwa kinaoshika katika nyumba ile. Siku ya tatu, alasiri, mvua inanyesha, nilikuwa chumbani kwangu nasahihisha madaftari. Nikawasikia upande wa pili.

"Baba, mimi siwezi kukaa Tabora nikijua mama anakubeba mgongoni kukupeleka chooni," Skolastika alisema. "Mama naye si msichana."

"Nani kakwambia ananibeba?"

"Nimeona kwa macho yangu, leo asubuhi."

Nilishika kalamu bila kuandika.

"Shamba tutampa mjomba alime," Skolastika akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Nyie mtakaa na sisi. Chumba kipo. Hospitali ipo karibu."

"Na mizinga?"

"Baba, mizinga utaipanda kwa miguu ipi?"

Ndipo nikamsikia Mama Leokadia, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo. "Tabora mimi nitalima wapi?" Mzee Fideli akamuuliza binti yake, "Wewe unarudi lini huku?"

"Mwezi wa saba, watoto wakifunga shule."

"Sawa. Ukirudi mwezi wa saba ukanikuta ninakwenda kanisani kwa miguu yangu na kurudi, utatuacha hapa. Nikishindwa, nitapanda hiyo treni na sitasema neno."

Skolastika alicheka kidogo, halafu nikamsikia anapenga kamasi. "Haya, Baba," akasema. Kanisa la kigango lilikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa afya. Mzee Fideli wakati ule hakuweza kufika jikoni.

Kesho yake baada ya vipindi nilikwenda zahanati. Mganga wetu alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyependa kuongea huku anafunga vidonge kwenye vipande vya karatasi. Nilimweleza. Akasema, "Mapafu ya yule mzee yamepona zamani. Nimempima mwenyewe. Sasa hivi anaumwa kitanda."

"Kuna dawa yake?"

"Ipo, ila haimo kwenye kabati langu." Akaacha vidonge, akanitazama. "Mwili ni bahili, Mwalimu. Nyama isiyofanya kazi haulishi. Kijana akilala mwezi mmoja anaamka, wiki mbili amesharudi. Mzee inamwisha haraka, na kuirudisha ni polepole sana. Lakini inarudi. Hilo ndilo watu hawaamini, kwamba hata kwa mzee inarudi." Akanieleza nianze na kidogo, iwe kila siku, na niongeze pale tu kidogo kitakapokuwa rahisi. Ale maharage, mayai, samaki, karanga. Na niache mara moja kifua kikimuuma, au akikosa pumzi ya kutamka sentensi moja. Niliandika yote nyuma ya daftari la mahudhurio.

Siku ya kwanza nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zikakanyaga chini, nikasimama mbele yake. "Simama, Baba, halafu kaa." Alisimama akinishika mabega, akakaa. Akasimama. Mara ya tatu magoti yalitetemeka hadi kitanda kikalia, na jasho likamtoka usoni kama amepanda mlima. Mama Leokadia alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Mwalimu, wewe umesomea watoto," aliniambia. "Huyu ni mtu mzima." Mzee mwenyewe alinitazama na kusema, akihema, "Na mimi siko darasa la pili." Lakini kesho yake nilipoingia nilimkuta amekwisha kaa ukingoni, ananingoja.

Mara tatu zikawa nne, nne zikawa sita. Kati yake alinyoosha mguu mmoja mbele na kuushikilia, halafu wa pili. Aliinua visigino akiwa ameshika ukuta. Wiki ya pili alifika mlangoni. Wiki ya tatu alikaa uani juani, na watoto wa shule walipopita wakamshangilia kama mtu aliyerudi kutoka safari. Mimi nikaingiwa na kiburi. Nilianza kuhesabu siku zilizobaki mpaka mwezi wa saba, nikaona mwendo wetu ni wa konokono. Baada ya Pasaka nikamwambia leo tunafika ishirini. Alipofika kumi na mbili alitaka kukaa. "Bado nane, Baba!" nilimwambia, kwa sauti ile ile niliyokuwa nawaambia darasa la tano kwenye kona ya mwisho. Akaendelea, kwa kuwa hakutaka kunivunja moyo. Kwenye kumi na tano magoti yote mawili yalimwachia kwa pamoja. Alianguka, mkono ukapiga kizingiti, na palepale ukaanza kuvimba. Ndipo alipolia. Hakupiga kelele, machozi yalimtiririka tu kwenye mikunjo ya uso huku anatazama pembeni. Nilipiga magoti chini pale nikalia naye.

Mkono haukuvunjika, mganga alisema, ni kuteguka. Lakini habari zilifika shuleni kabla yangu. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini akafunga mlango. "Nasikia unamfanyisha mzee wa watu mchakamchaka. Akifa mikononi mwako utakieleza nini kijiji?" Jioni, tukiwa tunachambua maharage, Mama Leokadia aliniambia bila kuniinulia macho, "Mwalimu, nakupenda kama niliyekuzaa. Lakini mtu wangu niachie." Ugali ulinishinda siku hiyo. Niliongea na mwalimu mwenzangu wa kike aliyekuwa anaishi upande wa pili wa kijiji, akakubali kunipa nafasi chumbani kwake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nakunja nguo niziweke sandukuni. Upande wa pili wa ukuta kitanda kikalia. Halafu nikasikia sauti ya Mzee Fideli, nzito, haina haraka: "Moja." Pakapita muda mrefu. "Mbili." Nilisimama na gauni mkononi. Alifika sita akanyamaza, nikasikia anavyohema, kisha nikasikia miguu ya Mama Leokadia ikiingia.

"Na huo mkono je?" akamuuliza.

"Nasimama kwa miguu. Mkono unaingiaje hapo?"

Mama Leokadia akasema, "Haya, ngoja nikushike kiuno."

Nilitoa nguo sandukuni moja moja nikazirudisha kwenye msumari. Mchana nilikwenda kumwomba radhi. Nilimwambia nilikosea, nilimpigia hesabu yangu bila kumuuliza ya kwake. Alifikiri kidogo. "Kesho njoo kama kawaida," akasema. "Ila kuhesabu, nahesabu mimi."

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya. Yeye alihesabu, mimi nilishika, na Mama Leokadia akachukua upande wa chakula kama mtu aliyepewa wizara. Mayai ambayo zamani aliyaacha yaatamiwe yakaanza kuingia kwenye sufuria. Maharage aliyaunga kwa karanga zilizopondwa, na migebuka haikukosekana. Wakati ule ule akaja Melkiori, seremala kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, aliyekuwa anatengeneza madawati ya shule. Nilimwomba atutengenezee kigoda kirefu kidogo kuliko vya kawaida, na uani achimbie fito mbili sambamba za kushika mtu anapotembea. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akapima urefu wa Mzee Fideli hadi kiunoni kwa kamba, akaanza kuchimba mashimo bila maneno mengi. Kiswahili chake kilikuwa bado kina Kirundi ndani yake. Nilimletea kata ya togwa, akanywa amesimama. "Mama yangu alitembea kutoka kwetu," alisema. "Siku nyingi. Ni mzee kupita huyu. Alibeba na mtoto wa dada yangu. Tulipofika hapa tukamwambia, mama, sasa kaa, umechoka, sisi tutafanya kila kitu. Akakaa." Akarudisha kata. "Kukaa ndiko kulikommaliza. Mwaka haukuisha." Kisha akarudi kwenye mashimo yake, na fito alizozisimamisha siku ile zilikuwa imara kiasi kwamba baada ya miaka kumi zilikuwa bado zinaanikiwa nguo. Mzee Fideli alimpa chupa ya asali ya mwisho ya mwaka uliopita.

Siku hizi nina mjukuu, Rehema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, na kwa miaka yangu hii ya sabini na kitu mimi ndiye mgonjwa wake mtiifu kuliko wote. Ni yeye aliyenieleza kwa lugha ya shule kile ambacho mganga wetu alikisema kwa lugha ya ubahili. Anasema misuli huanza kupungua polepole mtu akishapita makamo, na kupungua huko huenda mbio mtu akilala. Anasema ndani ya kila seli ya msuli kuna vinu vidogo visivyoonekana kwa macho, mitokondria, ambamo chakula na hewa tunayovuta hugeuzwa kuwa nguvu. Uzee unavipunguza na kuvichakaza. "Lakini Bibi," aliniambia siku moja akinipima magoti, "msuli ukiombwa kazi kila siku, unatengeneza vingine na kukarabati vya zamani. Usipoombwa, unavifunga." Akaniambia kutembea ni kuzuri kwa hivyo vinu na kwa moyo, ila mzee anahitaji pia kitu cha kumpa msuli uzito: kuinuka kwenye kiti, kupanda ngazi, kubeba ndoo isiyozidi uwezo. Nilimsikiliza nikaukumbuka mwezi wa sita wa mwaka ule. Mzee Fideli alikuwa amebeba kapu dogo la mahindi kutoka ukingo wa shamba mpaka kwenye kichanja, mara tano. Alikaa kwenye kigoda, akafuta jasho, akasema kama anayeshangaa mwenyewe, "Leo uchovu umechelewa. Zamani ulikuwa unanisubiri mlangoni."

Wakati huo tayari alikuwa haangalii fito za Melkiori. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu cha kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Alikipanda na kushuka, fimbo mkono mmoja, asubuhi na jioni. Siku nyingine alikuwa hoi, akasema leo ni mara mbili tu, na sisi tukasema sawa. Nilishajifunza kwamba siku ya mara mbili ni bora kuliko siku ya kukosa kabisa. Mama Leokadia alikuwa ameanza kusimama na kukaa pamoja naye, ati kumtia moyo, na mwezi wa sita ulipoisha alinong'ona jikoni kwamba kiuno chake kilichomsumbua miaka yote kimemwacha. Jioni walikaa wanapukuchua mahindi, wanasengenya majirani. Sijawahi kuishi kwenye nyumba yenye vicheko vingi kwa kazi ndogo kama ile.

Skolastika alishuka kwenye treni ya mwezi wa saba na watoto wawili na masanduku matupu mawili. Sikuwa na haja ya kuuliza yale matupu ni ya nini. Alimkuta baba yake amesimama uani, akamkumbatia muda mrefu, akamshika mkono, kisha bega, kama anayechagua kitambaa sokoni. Jumapili asubuhi Mzee Fideli alivaa koti lake la harusi za watu, akachukua fimbo, na sisi wote tukatoka nyuma yake. Kwenda kulikuwa kuzuri. Alisalimia kila nyumba, na watu walitoka nje kumwona. Ibada ilikuwa ndefu, katekista alikuwa na mengi siku hiyo, na nilimwona Mzee Fideli akisimama kila waliposimama na kupiga magoti kila walipopiga magoti, asiruke hata mara moja. Nikajua anatumia akiba.

Kurudi, jua lilikuwa limepanda. Nusu ya njia hatua zake zikawa fupi. Palikuwa na gogo kando ya njia, akalielekea, akaketi. Uso ulikuwa umempauka. Nilimuuliza jambo dogo, nisikilize kama anaweza kutamka sentensi nzima. Akanijibu, "Sijambo, Mwalimu, niache nihesabu kwanza." Skolastika alisema, "Baba, imetosha. Kuna baiskeli pale kwa jirani, nitaomba wakupakie." Mama Leokadia alimshika binti yake mkono. Tulisimama pale, watu wa ibada wanatupita, wengine wanageuka kutazama. Sijui ni dakika ngapi. Kisha Mzee Fideli akasogea mbele kwenye gogo, akaweka fimbo chini, akaziacha nyayo zikae sawa, akainama kidogo kama alivyoinama mara elfu moja ukingoni mwa kitanda, akasimama. Hakushika mtu wala kitu. Aliniomba nimwokotee fimbo. Tukafika nyumbani.

Alasiri Skolastika alinikuta jikoni napepeta mchele. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akanitazama mpaka nikaona haya. Nilidhani atanisema kuhusu mkono ulioteguka, maana alikuwa ameshasikia. "Mwalimu," akasema, "mimi nilitaka ashindwe." Niliacha ungo. "Siyo kwa ubaya. Niko kule peke yangu, nikisikia treni inapiga honi nafikiri imeniletea taarifa ya msiba. Nilitaka niwe nao karibu. Pale kwenye gogo nilimwomba Mungu asiinuke. Alipoinuka, nikamshukuru Mungu huyo huyo." Alicheka huku analia, na mimi nikampa upande wa kanga yangu ajifute. Aliondoka baada ya wiki mbili na masanduku yamejaa mahindi na karanga, na kila mwezi wa saba alirudi. Tukawa marafiki kwa miaka karibu hamsini. Mwaka jana, ana miaka zaidi ya themanini, nilimkuta anainuka kwenye kiti chake bila kushika popote, anahesabu kwa kunong'ona.

Kuna mambo hayakurudi. Mzee Fideli hakupanda tena mti mrefu. Mizinga ya juu aliwaachia wengine, akatundika yake kwenye matawi anayoyafikia kwa kigoda. Sokoni Kashaulili alikwenda kwa kupakiwa. Masika yakija alikohoa. Lakini aliishi miaka kumi na moja zaidi katika nyumba ile, na kwa miaka hiyo yote alijipeleka chooni mwenyewe, jambo ambalo aliwahi kuniambia ndilo aliloliomba sana kuliko ile safari ya kanisani.

Ninachokiona zaidi nikiufikiria mwaka ule ni asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili. Shule ilikuwa imefungwa, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, nami nilikuwa na barua ya uhamisho mezani. Niliamka nyumba ikiwa kimya, vitanda vitupu, uji umeachwa kando ya moto umefunikwa kwa sahani. Nilitoka nyuma. Walikuwa shambani, wote wawili, kila mmoja na jembe lake. Yeye alikuwa anachimba mashimo, hatua moja, shimo moja, anapumzika, hatua moja. Mama Leokadia alikuwa anamfuata anadondosha mbegu.

"Unayabananisha," nilimsikia Mama Leokadia anamwambia. "Mahindi yatapumulia wapi?"

"Mimi nimelima kabla hujajua kushika jembe."

"Ndiyo maana shamba lako lilikuwa halizai."

Mzee Fideli alisimama wima, akaegemea jembe, akamjibu kitu kwa Kibende ambacho sikukipata, na mkewe akamrushia punje za mahindi mgongoni. Nilitaka kwenda kuwasaidia. Niliona shamba ni kubwa na jua linakuja. Kisha nikaona hawahitaji mtu. Nikarudi ndani, nikakaa karibu na moto, nikanywa uji wangu ungali wa moto.